Ini Lililochukuliwa Kama Ushahidi

Nasambu Opicho (Mama Vivian),
Buchari ya Nasambu,
Karibu na dispensari,
Kayole, Nairobi.

Jumatatu, 15 Juni 1998

Kwa Bwana Gitonga, Wakili,
Nairobi mjini.

Bwana Wakili,

KUH: GUNIA LA KARATASI NA INI LA MBUZI

Jumanne iliyopita, tarehe tisa, asubuhi wakati foleni yangu ni ndefu, nilipoteza gunia moja la karatasi za kufungia nyama na ini zima la mbuzi. Vilichukuliwa na karani wako, Bwana Ngigi, mtu mpole mwenye tai, akiwa na askari wawili ambao hawakusema wametoka wapi. Badala yake niliachiwa barua yako. Nashukuru kuandikiwa, maana sijawahi kupata barua ya wakili maishani, lakini barua hailiwi na wala haifungi nyama ya siku nzima.

Naandika kwa heshima. Mimi ni mwanamke wa biashara. Nilitoka Webuye na sufuria moja, nikachemsha matumbo kwenye ule uwanja ulio nyuma ya dispensari, nikauza na chumvi na pilipili, mpaka nikapata mlango wangu wenye kioo, mizani iliyokaguliwa na cheti cha afya kilichotundikwa ukutani. Siasa sijui. Ninachojua ni mbuzi. Anatoka machinjioni Kiamaiko na muhuri wa mkaguzi pajani, ananing'inia kwangu, anakatwa, anafungwa kwa karatasi, anaenda nyumbani kwa watu. Ni hiyo karatasi tu iliyotukutanisha wewe na mimi.

Barua yako ni kurasa nne za Kiingereza. Nilisomewa na Okumu, fundi viatu ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wangu. Ukurasa wa kwanza unasema mimi ni mchapishaji na msambazaji wa maneno ya kumharibia jina mteja wako, Mheshimiwa Diwani, maneno yaliyotoka kwenye intaneti. Ukurasa wa mwisho unasema yatakayonipata. Zile mbili za katikati tuliziruka, kwa kuwa Okumu alisema hazina utamu, zinarudia tu yale tuliyokwisha kuyasoma kwenye nyama. Umenikataza pia kulitaja jina la mteja wako. Sitalitaja. Nitamwita Mteja Wako mpaka mwisho, na ukiona mahali nimeteleza unisamehe.

Kwanza nikueleze jinsi intaneti ilivyofika kwenye mbavu za mbuzi, maana naona kwenye barua yako unadhani nina kompyuta chini ya gogo la kukatia nyama.

Gazeti la zamani siku hizi ni ghali, na wino wake hushika mafuta. Kuna mpangaji wa jengo letu, Lorraine, anayefagia ofisi moja mjini. Mkubwa wa ofisi hiyo hupenda kusoma mabishano ya Wakenya walioko ng'ambo kwenye intaneti. Huyachapa ayasome akinywa chai, kisha huyatupa. Lorraine huniletea, nami humpa matumbo. Ni karatasi nzuri sana: ndefu, imeshikana mwanzo hadi mwisho kama utumbo, ina matundu madogo kandokando. Unaivuta, unaitazama nyama, unairarua palipotosha. Sikuwa nikiisoma. Nani husoma karatasi ya nyama na watu kumi wanamtazama?

Waliosoma ni wateja. Mwanzoni mwa mwezi huu Mama Mbeti, wa ghorofa ya pili, alirudi na karatasi yenye damu mkononi, nikadhani nyama imemkataa. Akasema, "Mama Vivian, hii habari imekatikia pabaya. Nani alinunua baada yangu?" Aliyenunua baada yake ni Okumu, robo ya mbavu. Wakakutana kwenye ngazi, wakaunganisha vipande viwili kama watu wanaoshona, na majirani wakasimama kusikiliza.

Kumbe mtu anayejiita Mtoto wa Kayole, anayeishi huko kwenye theluji, alikuwa amenakili tangazo rasmi. Tangazo linasema uwanja wetu wa nyuma ya dispensari unaondolewa kwenye ardhi ya umma na kupewa kampuni ijenge kituo cha petroli. Mwenye pingamizi alipeleke ofisi za jiji kabla ya saa sita mchana, Ijumaa tarehe kumi na tisa Juni, yaani Ijumaa hii. Mtoto wa Kayole aliuliza, je, watu wa nyumbani wanajua? Kisha akaandika kampuni ni ya nani. Hapo ndipo Mteja Wako anapoingia, na hapo ndipo mimi ninapotoka.

Hebu tazama safari hiyo, Bwana Wakili. Uwanja huo nauona nikifungua mlango wa nyuma kumwaga maji. Ndipo akina mama wanapouza sukuma wiki, ndipo watoto wanapopiga mpira, na msiba ukitufika ndipo tunapokaa kuchangia gari la kumpeleka marehemu kwao. Lakini habari yake ilibidi iende ng'ambo, irudi ofisini mjini, ipande basi na Lorraine, ifungie mbavu, ndipo ivuke barabara na kunifikia. Karani wako alituambia tusilalamike, tangazo liko ubaoni katika ofisi za jiji tangu Aprili kama sheria inavyotaka. Ni kweli. Tulienda kuutazama ubao. Uko ndani ya chumba, na chumba kina kufuli.

Sasa malalamiko yangu.

1. Ini. Askari alipomaliza na gunia akaliona ini juu ya meza, nimeshalifungia Mama Mbeti. Akalifungua. "Hili pia tunaenda nalo." Nikamuuliza ini limekosa nini. Akasema, "Mathe, angalia mwenyewe. Limeandikwa." Kweli, wino ulikuwa umelishika kidogo, herufi zimegeuka kama ukizisoma kwenye kioo. Bwana Ngigi aliinama akalisoma kwa muda mrefu, akirudi nyuma na kusonga mbele, halafu akaamua kwamba huo ni uchapishaji. Kwenye foleni mtu akasema, "Leo ripota ameshikwa." Wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu Mama Mbeti alikuwa ameshalipa. Ushahidi wa ini haukai. Kama bado liko kwenye faili, bila shaka ofisi yako nzima inajua liko faili gani. Kama haliko kwenye faili, sitaki kujua lilikaangwa na vitunguu vingapi, nataka lingine la uzito ule ule.

2. Upendeleo. Baada ya kura za Desemba nilikusanya mabango ya Mteja Wako yaliyobaki ukutani na kwenye nguzo za stima, nikafungia nyama hadi karibu na Pasaka. Kila familia ya upande huu ilienda nyumbani na uso wake na ahadi zake: maji, taa za barabarani, soko lenye paa. Soko hilo lenye paa, Bwana Wakili, lilikuwa lijengwe kwenye uwanja huo huo. Hakuna aliyeniandikia. Hakuna aliyeniita msambazaji. Yeye mwenyewe alipita hapa siku moja, akakiona kichwa chake kimezunguka mguu wa mbuzi, akatabasamu, akasema, "Mama, endelea hivyo hivyo." Nilipofungia nyama kwa yale aliyosema atafanya, nilikuwa raia mwema. Nilipofungia kwa yale yanayosemekana amefanya, nimekuwa mtu wa kutumiwa askari. Mbuzi ni yule yule, mkono ni ule ule. Nionyeshe kifungu kinachotenganisha. Na kama mtu wa kazi niseme pia kwamba yale mabango yalikuwa karatasi mbaya. Inang'aa mno, haishiki damu. Ahadi zake zilivuja mpaka kwenye ngazi, na aliyepiga deki ni mimi.

3. Nani hasa amekosa. Mwaka jana tulisikia kwamba ile sheria ya kumfunga mtu kwa sababu ya karatasi za uchochezi imefutwa. Tulifurahi, ingawa sisi hatukuwa na karatasi. Sasa Okumu ananieleza kwamba hii yako si ile, hii ni ya jina la mtu. Sawa. Basi nipimie kosa langu kama ninavyopima nyama, mfupa kando. Kipande cha Mama Mbeti kina jina la Mteja Wako na kinaishia hivi: "ni mtu mwenye bidii kubwa". Hiyo ni sifa. Kipande cha Okumu kinaanza: "ya kujigawia vya umma, na kampuni yenyewe ni ya mke wake". Mke wa nani? Kipande hakisemi. Anaweza kuwa mke wa Okumu. Kila kipande peke yake kiko safi kabisa, na mimi nilivitoa kimoja kimoja, kwa watu wawili wasio na undugu. Kosa lilizaliwa pale waliposimama pamoja kwenye ngazi. Mimi sikuwa kwenye ngazi, nilikuwa chini nikikata. Kwa hivyo nakushauri uishitaki ngazi. Ni ya zege, imepanda hadi ghorofa ya tano, haina mali, lakini haiwezi kutoroka.

4. Msamaha. Unataka nimwombe Mteja Wako msamaha hadharani, "kwa njia ile ile na kwa watu wale wale". Nimekubali, sina kiburi. Lakini njia ile ile ni nyama. Mtu haji buchari kuchukua msamaha mkavu. Kila msamaha itabidi uwe na kitu ndani, tuseme robo, na kwa kuwa anayeutaka ni Mteja Wako, mbuzi watakuwa wake. Niliwauliza wateja kama wataupokea. Wamesema wataupokea hata mara mbili kwa wiki. Nzilani, anayeuza mboga pale uwanjani, ameuliza kama anaweza kudanganywa zaidi kidogo ili msamaha wake uje na mguu mzima.

5. Biashara yangu imeharibika kwa kunoga. Kabla ya barua yako watu waliisoma karatasi ya nyama inavyosomwa karatasi ya nyama, jicho moja huko na jingine kwenye sufuria. Tangu gunia lichukuliwe wanakuja watu nisiowajua, wengine kutoka Pumwani, wakipita buchari chungu nzima njiani. Hawaulizi kama nyama ni ya leo. "Sasa mathe, ile page ilishikwa iko?" Nikisema haiko, wananikonyeza. Nikiwafungia kwa karatasi tupu, wanaiinua kwenye mwanga kutafuta maandishi. Na kwa sababu nimekatazwa kulitaja lile jina, wamempa Mteja Wako jingine. Wanamwita Asiyetajwa. Mtu anaingia anasema, "Niwekee nusu ya Asiyetajwa," na kila mtu anajua anataka nyama ya kichwa. Wakati wa kampeni alikuwa na gari lenye vipaza sauti kuanzia asubuhi hadi jioni, na bado hakuwa kwenye midomo ya watu kama alivyo wiki hii. Kama ulilipwa kulilinda jina lake, mimi ningeomba kulipwa kwa kulieneza, ila kazi hiyo pia umeifanya wewe.

6. Hili lingekuwa la kwanza, lakini ini lilinikasirisha.

Kipande cha Okumu kinaishia kwenye maneno "kiwanja nambari". Hapo ndipo niliporarua. Siku ile ya ngazi walikuja kuniuliza kilichofuata, nikakivuta nikawapa. Kilikuwa nambari ndefu yenye mikwaju, na vipimo vya mipaka. Mama Mbeti akasema, "Ah, hii ni hesabu tu, haina stori." Nikairudisha kwenye gunia. Nani alihitaji nambari? Uwanja ule tunaujua kwa miguu.

Jumatano Okumu alifunga kibanda chake, akaenda ofisi za jiji na pingamizi letu lililotiwa saini na watu wa majengo manne. Mtu wa kaunta alikuwa na adabu. Akauliza, "Nambari ya kiwanja?" Okumu akamwambia ni uwanja wa nyuma ya dispensari, hata watoto wanaujua. Akajibiwa, "Mzee, hapa hatuna nyuma ya dispensari. Hapa tuna nambari. Bila nambari siwezi kupokea." Okumu akauliza ataipata wapi. Akaambiwa iko kwenye tangazo. Tangazo liko ubaoni. Ubao uko chumbani. Chumba nimekwisha kukueleza.

Na nambari yenyewe iko kwenye gunia, na gunia liko kwako.

Nzilani alipoletewa habari alikaa chini, palepale juu ya mboga zake. Ameuza kwenye uwanja ule tangu kifungua mimba wake akiwa mgongoni, na hana mahali pengine, kwa maana meza za soko jingine la hapa karibu zimeshagawanywa na watu wa aina ya Mteja Wako. Akaniuliza bila kelele, "Mama Vivian, si ulikuwa nayo mkononi?" Ndiyo, nilikuwa nayo mkononi. Nilitaka kuifungia kidari.

Usinielewe vibaya. Mimi siasa sijui, na kituo cha petroli mlangoni pangu kingeniletea madereva, na dereva hula nyama kuliko mwalimu. Nasema haya ili uone kwamba sina faida yangu ndani yake. Lakini nimekata nyama miaka mingi, na sijawahi kumwona mtu akija na askari kuchukua kitu cha uongo. Kitu cha uongo hukiacha kijichekeshe chenyewe.

Sasa maombi yangu. Nirudishie gunia. Nirudishie ini, au ndugu yake. Nami kwa upande wangu nakupa ahadi, na hii ni ahadi ya mtu anayepima kwa mizani: kuanzia leo hakuna neno la mtu yeyote litakalotoka hapa na nyama. Nimenunua karatasi tupu za kaki. Mteja akitaka kusoma, asome mfupa.

Na unijibu swali moja, kwa ndiyo au la, bila aya wala vifungu: je, uwanja wa nyuma ya dispensari umepewa kampuni ya nyumbani kwa Mteja Wako, au haujapewa? Kama haujapewa, mtu wa theluji amesema uongo, na nitamwomba Mteja Wako msamaha kwa magoti yangu mawili mbele ya foleni nzima. Kama umepewa, basi sielewi jina lake limeharibiwa na nani.

Nisalimie Bwana Ngigi, mwambie ile tai yake ilishika mafuta, aipake unga wa mahindi kabla ya kuifua. Nisalimie wale askari wawili, popote walipotoka. Salamu kwa makarani, kwa anayekupikia chai, na kwa jamaa yako yote. Okumu, Mama Mbeti na Nzilani wanakusalimu. Salamu kwa Mteja Wako pia, na kwa mke wake, ambaye simtaji.

Wako mtiifu mwenye kisu,
Nasambu Opicho

N.B. Nilikuwa nimeshalamba bahasha, imebidi niifungue. Okumu leo hana viatu vya kushona, akaomba barua yako asome zile kurasa mbili tulizoziruka. Ukurasa wa tatu, aya ya kumi na moja, ili nijue barabara ni maneno gani nisiyoruhusiwa kuyasambaza, umeyaandika yote. Tangazo limo lote, halikuraruliwa popote. Kampuni imo, mke yumo, na yeye mwenyewe yumo kwa jina lake, mstari baada ya mstari, ilhali Mtoto wa Kayole alilitaja mara moja tu. Na vipimo vya mipaka vimo, na ile nambari ndefu yenye mikwaju, kwa chapa safi kuliko ya intaneti, na chini muhuri wako.

Kwa hivyo naomba ufute pale niliposema siasa sijui. Ufute na zile karatasi za kaki, nimezirudisha dukani. Gunia kaa nalo. Ukurasa wako wa tatu uko kwa mtu wa fotokopi, na kuanzia kesho asubuhi kila nyama itakayotoka hapa, hata ya robo, itafungwa nao. Nambari tumeizungushia duara. Nyuma ni kweupe, pana nafasi ya mtu kuandika pingamizi lake na kutia saini, na damu kidogo hatudhani kaunta itaikataa. Safari hii nakiri, mimi ni mchapishaji. Mwandishi ni wewe.

Lile swali langu bado linangoja. Ijumaa nitafunga buchari, kitu ambacho sijafanya siku ya kazi tangu nipate mlango, na nitakuwa kwenye foleni ya ile kaunta na Nzilani na watu wa majengo manne. Niletee jibu hapo, ndiyo au la, kabla ya saa sita mchana. Na ini.